Inama bookshop karibu na Jamia, kwa wapenzi wa mashairi ya enzi za mkoloni

Kama uko tao na unapenda mashairi ya zamani usipite hawa jamaa wa inama bookshop, wale wanaopanga vitabu chini kando ya barabara mpaka uiname kuchagua, karibu na msikiti wa Jamia Nairobi, hatua chache tu kutoka McMillan, ile maktaba ya 1931 ambayo Mwafrika hakuruhusiwa kuingia mpaka 1958. Nilimwambia muuzaji nataka mashairi ya wakati wa ukoloni yanayoongea mambo ya rangi ya mtu na utawala, akachakura akanipa viwili, mashairi ya Mwingereza Kipling na Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, yaani vita vya Wajerumani kuteka pwani ya Tanzania ya leo. Tukaelewana mia nne vyote. Jalada moja limechanika lakini kurasa zote ziko.

Nasema hivi, visome pamoja. Kipling alijua kupanga maneno na hapo ndipo sumu iko, maana shairi lake The White Man's Burden (Mzigo wa Mzungu) la 1899 linaimbika kabisa, anawahimiza Wamarekani waliokuwa wametoka kuchukua Ufilipino kwa Wahispania wajitwishe kazi ya kutawala, na wale wanaotawaliwa anawaita nusu shetani nusu mtoto. Yaani shetani apigwe, mtoto afunzwe, na hakuna kati yao anayeweza kuulizwa anataka nini. Na 1907 huyo mtu akapewa Nobeli!

Alafu fungua ule utenzi, wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy. Hapa ni pwani ya 1888 na 1889, Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, anapigana na Wajerumani mpaka wakamnyonga Pangani, na mzungu sasa ndiye mgeni anayetazamwa na kupimwa. Kilichonishika zaidi ni umbo lenyewe, utenzi wa mizani nane, yaani silabi nane kila kipande, ule ule uliotumika tangu utenzi wa Tambuka wa 1728 kusimulia vita vya Mtume, kwa hivyo Mdachi akiingia tu kwenye beti msikilizaji wa pwani anajua amesimama upande gani. Toleo ni la J.W.T. Allen, lina tafsiri ya Kiingereza, lakini soma Kiswahili kwa sauti, tafadhali.

Kitu sikupenda, Kipling alikuwa juu kabisa na tenzi zimefukiwa chini ya vitabu vya shule. Zipandisheni juu jamani.

Nimeagiza Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, nataka nione vile mtu wa Tanganyika iliyokuwa chini ya Mwingereza aliita vita vya Hitler vita vya uhuru. Nyota nne, M-Pesa wanachukua, na mvua ikianza wanafunika vitabu mapema kwa hivyo enda asubuhi.