TAHADHARI: Yule muuza miche ya alovera ametuuzia mshubiri wa madoa

Jamani, yule muuza miche wa picha ya alovera nene yenye ua la njano, ni tapeli. Msimtumie hata senti. Tuliagiza kwake alovera kwa oda ya pamoja, akatuuzia mshubiri wa madoa, mmea mwingine wa jamii hiyohiyo. Naandika kwa sababu mpaka leo anaendelea kuuza, na kwa picha ileile.

Kinachouma ni kwamba miche tuliikagua kabla ya kumalizia malipo. Tukaona madoa meupe, tukauliza. Hakubabaika hata kidogo: "Hayo ni ya utotoni, mche ukikua yanafutika." Hapo ndipo alipotunasa, maana ni kweli! Mche mchanga wa alovera halisi huwa na vidoa, na majani yake huanza yakiwa yamepangana pande mbili, kushoto na kulia. Ukikua, majani yanazunguka kama ua la waridi, madoa yanafifia, na jani linabaki kijani cha kijivujivu. Kwa hiyo uongo huu haumpati mjinga. Unampata mtu anayejua alovera, anasikia jambo analolifahamu, anatikisa kichwa na kukubali.

Kisha ikaja sarakasi ya kisu. Akachagua jani la chini, akalikata karibu na shina. Utomvu wa manjano ukachuruzika, matone mawili matatu, yakamdondokea kidoleni. Akalibandua ganda taratibu, akauinua ute kwenye mwanga, unang'aa kama kioo. Akaubana kwa vidole viwili, akavitenganisha, ukavutika. Akalamba ule utomvu, akakunja uso: "Chungu! Mnataka alovera gani nyingine?" Watu wakacheka, wakalipa.

Sarakasi yote ile haithibitishi kitu. Mishubiri, alovera ikiwa mmojawapo, ina spishi zaidi ya 500, na mingi ina utomvu mchungu chini ya ganda na ute katikati. Kukata jani kunakusaidia kujua kama umeuziwa jamii ya mkonge: jani la mkonge limejaa nyuzi ngumu, ncha yake ni mwiba wa kuchoma, na maji yake yanawasha ngozi. Basi. Mshubiri kwa mshubiri, kisu hakisemi.

Kilichosema ni ua. Alovera halisi hutoa mlingoti mrefu, na maua ya njano yenye umbo la mrija, sentimita 2 hadi 3 kila moja, yamening'inia kuuzunguka, juu umechongoka. Letu likatoka la rangi ya machungwa, mlingoti umegawanyika matawi, na kila tawi bapa juu kama mwavuli. Hiyo ni Aloe maculata, mmea wa kupendezesha bustani. Utomvu wake ukiupikicha kwenye maji unatoa povu kama sabuni, na unaweza kuwasha ngozi. Watu walipanda wapate ute wa kupaka!

Huyu arudishe hela ya kila mtu, na akaunti zake zote zifungwe. Asiambiwe "alikosea". Mtu anayejua kujitetea kuhusu madoa ya utotoni anajua fika anauza nini. Na kuna baya zaidi: mishubiri iko kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ila Aloe vera imeachwa nje. Mtu akivusha mpaka miche hii bila vibali, akiamini ni alovera, atakamatwa yeye na mzigo wake, tapeli yuko kwake anapiga picha nyingine. Ningekuwa hakimu ningemlisha ule utomvu wa manjano kwa kijiko, maana una aloini, na aloini inaendesha tumbo vibaya. (Nyie msijaribu, hata kwa alovera halisi. Marekani mwaka 2002 iliondoa utomvu huo kwenye dawa za kulainisha choo zinazouzwa bila cheti cha daktari. Jani ukishalikata lisimamishe, kidonda chini, dakika 10 hadi 15 lichuruzike, lioshe, ndipo umenye.)

Dalili zilikuwepo tangu mwanzo, tumeziona tumechelewa. Madoa ya maculata ni makubwa, yameungana kama herufi H na kujipanga mistari ya mawimbi. Ya alovera changa ni vistari vidogo vilivyotawanyika. Miiba ya pembeni ya maculata ni ya kahawia na migumu, ya alovera ni myeupe na midogo. Jani lake ni fupi, pana chini kama pembetatu, la alovera ni jembamba na limesimama. Kuna na ile ndogo ya kwenye chungu, wanaiita chinensis, madoa hayaishi na ua ni la machungwa. Hiyo nayo anaichanganya humohumo.

Usikubali mche usio na mama. Akuchimbulie chipukizi ukiona, kutoka kwenye mmea wenye ua. Akikwambia msimu wa maua umepita, subiri msimu ujao, au nunua kwa mwingine.

Picha ya lile ua la machungwa ninayo, na risiti ninazo. Aliyepigwa na hajajitokeza, alete zake, tunazikusanya kabla hajabadilisha namba.