Redio ndogo ya mfukoni, kwa shabiki wa timu inayokwepa kushuka daraja

Kama timu yako inagombea ubingwa, hii redio haikuhusu. Wewe una mechi moja ya kufuatilia, mbili kukiwa na mpinzani wa karibu, na roho imetulia kiasi cha kupiga picha jukwaani. Sisi wa mkiani siku ya mwisho tuna mechi nne kwa mpigo: yetu, na za wale watatu tunaokabana nao koo pale kwenye mstari. Na katika hizo nne, ya kwetu ndiyo mara nyingi isiyotazamika.

Nimetembea nayo msimu mzima wa kuponea chupuchupu, kwa hiyo nitaipima kwa kazi hiyo tu. Kama inapiga muziki vizuri, sijui.

Yenyewe ni redio ya kawaida kabisa, ya FM na masafa ya kati (AM), inaenea kiganjani, inakula betri mbili nyembamba. Haina kioo wala namba zinazowaka. Ubavuni ina magurudumu mawili, moja la sauti na moja la kutafutia stesheni. Juu kuna tundu la hedifoni, nyuma kuna kibanio cha kuning'iniza kwenye mkanda. Kampuni zinazotengeneza redio za aina hii ni nyingi na sura zao zinafanana, ndiyo maana sitaji jina.

Utaniuliza: simu si ipo? Ipo, na ninayo. Shida ya simu huijui mpaka uwe uwanjani siku ambayo watu maelfu wanataka kujua jambo moja kwa dakika moja. Mtandao unalemewa, kile kiduara kinazunguka tu, na msimamo unaouona ni wa muda uliopita. Hata mtandao ukiwa mzuri, matangazo ya redio kupitia intaneti huchelewa, nusu dakika na wakati mwingine zaidi, kwa sababu sauti hukatwa vipande, ikasafirishwa, ikakusanywa upya ndipo ikufikie. Mawimbi ya FM hayana mzunguko huo. Mtangazaji akisema, umesikia. Anayesikiliza ligi kwa starehe hatajali nusu dakika. Lakini wewe uliye nafasi ya 18, ya kushuka, ndani ya hiyo nusu dakika jukwaa la pili limeshashangilia, na hujui wanashangilia nini.

Halafu simu ina tabia zake. Ikitetemeka mfukoni unajua kuna bao, ila hujui la nani, na ukiitoa hutairudisha haraka. Itakupa msimamo wa papo hapo, ratiba ya wenzako, na asilimia ya uwezekano wa kushuka, hadi nukta ya desimali. Nimekesha na hizo asilimia. Hazinipi chochote ninachoweza kufanya kesho yake. Ni kama ile imani ya pointi 40, kwamba ukizifikisha umepona. Kwenye Ligi Kuu ya England, West Ham walishuka mwaka 2003 wakiwa na pointi 42. Miaka miwili baadaye West Bromwich Albion walibaki wakiwa na 34, tena waliianza siku ya mwisho wakishika mkia wa ligi. Walifanya yao, wakawafunga Portsmouth 2-0, lakini kilichowaokoa kilitokea kwingine kabisa, uwanja wa The Valley, ambako Charlton waliwasawazishia Crystal Palace zikiwa zimebaki dakika chache, na sare hiyo ikawashusha Palace badala yao. Siku kama ile huhitaji asilimia. Unamhitaji mtu aliyekaa The Valley mwenye kipaza sauti.

Na hapo ndipo redio inapojilipia. Siku ya mwisho stesheni nyingi za michezo huweka mtangazaji kila uwanja wenye maana, halafu aliye studioni anawaita mmoja mmoja. Waitaliano wana kipindi cha namna hiyo tangu mwaka 1960. Wajerumani nao wanao, na kama kuna siku inayoeleza kwa nini naandika haya yote kuhusu kidude cha plastiki, ni Mei 29, 1999. Nürnberg waliamka wakiwa nafasi ya 12, salama salimini kwa macho ya mtu yeyote. Wakafungwa 2-1 nyumbani na Freiburg. Kwingine Eintracht Frankfurt wakawa wanawatandika Kaiserslautern, na dakika ya 89 Jan Åge Fjørtoft akapiga bao la tano, 5-1. Hesabu ikawa hivi: pointi 37 kwa 37, tofauti ya mabao hasi 10 kwa hasi 10, mabao ya kufunga 44 kwa Frankfurt na 40 kwa Nürnberg. Nürnberg wakashuka. Waliokuwa na redio siku ile walivipata vyote hivyo kwa sauti za watangazaji waliokuwa wakirushiana zamu kutoka uwanja mmoja hadi mwingine, kila mmoja na habari inayoifuta ya mwenzake. Msimamo wa kwenye simu ungebadilika tu kimyakimya: jina moja juu, jina moja chini.

Kuna kitu kimoja redio inafanya ambacho sijakiona kwingine. Mtangazaji wa studioni anasema, "Kuna bao! Twende..." halafu kabla hajasema twende wapi, laini inabadilishwa, na kwa muda kama wa kuvuta pumzi unasikia kelele tu za mashabiki. Hujui ni uwanja gani. Masikio yanaanza kazi ya ajabu: unapima ukubwa wa kelele, unajiuliza kama ni za wenyeji au za kundi dogo la wageni pembeni, unatafuta wimbo unaoufahamu. Mara nyingi nimejua kabla mtangazaji hajafungua mdomo. Bao la wageni lina mlio wake: kelele nyembamba za upande mmoja, na chini yake ukimya wa wengi.

Mzee anayekaa kiti cha kushoto kwangu alizoea kunitazama uso badala ya kutazama mpira. Simu yake ni ya kupigia tu. Tulikuwa na makubaliano.

"Likiwa baya usiniambie, mwanangu."

"Sawa, mzee. Na likiwa zuri?"

"Nitaliona."

Tulicheza mechi ya mwisho tukihitaji matokeo yasiyopungua yale ya wapinzani wetu wawili, na kipindi cha pili tukawa sare. Ikafika dakika ya sabini na kitu. Ghafla upande wa kusini ukalipuka. Watu wakakumbatiana, nyimbo zikapanda, na uvumi ukatembea safu kwa safu mpaka kwetu: wale jamaa wamefungwa, sisi tumebaki. Mimi nina redio sikioni na nasikia kwamba wale jamaa hawajafungwa, ndio kwanza wanajiandaa kupiga kona. Mzee ananitazama. Nikatikisa kichwa. Akaketi. Wengine waliendelea kuimba, na nilichokiona uwanjani hakikunifurahisha: wachezaji wetu nao walisikia zile nyimbo, pasi zikaanza kurudi nyuma.

Mwenye kumbukumbu ya mwaka 1996 anajua ubaya wa hilo. Manchester City walitoka nyuma kwa mabao mawili wakasawazisha na Liverpool, 2-2, na benchi la kocha wao Alan Ball likaamini sare inatosha kuwabakiza. Mchezaji wao Steve Lomas akaupeleka mpira kwenye kibendera cha kona kupoteza muda. Mwenzake Niall Quinn, ambaye alikuwa ameshatolewa, akakimbia pembeni ya mstari kuwapigia kelele kwamba wanahitaji bao jingine. Southampton na Coventry nao walitoka sare kwenye mechi zao, timu zote tatu zikaishia pointi 38, na City wakashuka kwa tofauti ya mabao. Nani alileta habari mbaya benchini haijalishi sana. Ninachojua ni kwamba uwanjani habari ya mdomo ina kasi kuliko habari ya kweli, na kitu pekee nilichokuwa nacho cha kuipimia ni hiki hapa.

Kwetu kocha aliwaamsha. Mpira ulipoisha tulikuwa bado sare, na mchezo wa wenzetu ulikuwa unaendelea kwa sababu mchezaji wao mmoja alilala chini muda mrefu. Hapo ndipo watu wa safu yetu walipogundua nina redio. Nikachomoa hedifoni. Spika yake ni ndogo na ina sauti ya mtu aliyefunikwa ndoo, lakini ilitosha watu kama ishirini waliobanana vichwa. Dakika za nyongeza zikatangazwa kuwa sita. Sita! Kuna dada alianza kuzihesabu kwa vidole, akikunja kimoja kila mtangazaji anapotaja saa. Filimbi ilipopulizwa kule, sisi tulijua kabla ya ubao wa uwanja na kabla ya jukwaa la kusini, ambalo lilikuwa limeshasherehekea mapema na sasa lilikuwa kimya likitazama simu. Tulibaki.

Sasa kasoro, na zipo.

Gurudumu la stesheni ni jepesi mno. Ukiruka kidogo tu, linasogea, na badala ya kona unasikia mtu anauza magodoro. Dawa yake ni kipande cha selotepu juu ya gurudumu ukishaipata stesheni unayoitaka. Imekaa hapo hadi leo. Kibanio cha nyuma kilivunjika mapema, na nashauri usikitegemee. Mfuko wa shati wenye kifungo ni bora.

Hedifoni ziwe za waya, kwa sababu waya huo ndio antena ya FM. Ukiukunja mfukoni unaua mawimbi, na ukikaa chini ya paa la bati lenye nguzo za chuma lazima uuachie ulegee vizuri. Kwa masafa ya kati ni tofauti: antena yake iko ndani na ina upande inaoupenda, kwa hiyo inabidi uigeuze redio, na ikikataa ugeuke wewe. Kuna mechi tulikuwa tunashambuliwa vibaya na mimi nimeupa uwanja mgongo. Jamaa wa nyuma yangu alidhani nimeshindwa kuvumilia. Sikumsahihisha.

Hedifoni zinazokuja nayo ni za kutupa. Waya mfupi, na sikio la kulia lilianza kukoroma baada ya muda. Mbili masikioni pia sikushauri, utakosa uwanja wako mwenyewe. Tumia moja, na nyingine mpe jirani, ikiwa ni jirani ambaye hakukatazi kumwambia mabaya.

Kasoro kubwa si ya redio, ni ya stesheni. Wakati mwingine wote msimamo wa juu ndio unaopewa muda. Unaweza kukaa robo saa nzima ukisimuliwa mshambuliaji fulani anavyofunga kamba za viatu kwenye mechi ya wanaogombea kombe, huku huku chini watu wanakufa. Hadi raundi za katikati ya msimu niliiona redio haina faida kubwa kwetu. Ilianza kuwa na maana tulipobakiza mechi chache na watangazaji wakaanza kutaja majina yetu. Tafuta stesheni mapema, usingoje siku yenyewe. Jua ni ipi hutuma watu viwanja vyote na ipi husoma matokeo kutoka kwenye simu kama wewe, kwa sababu hizo za pili zipo, na ni rahisi kuzitambua: haziwi na kelele za mashabiki.

Na kuna vita ambavyo haiviwezi. Msimu wa 2023/24 Everton walipokonywa pointi 10, wakakata rufaa zikawa 6, kisha wakapokonywa 2 nyingine, na Nottingham Forest wakapoteza 4. Mambo hayo huamuliwa ofisini katikati ya wiki, mtu yuko kazini. Hapo simu inatosha, na hasira ni ile ile.

Betri zangu hudumu kuliko nilivyotarajia, ila chukua za akiba siku ya mwisho, uziweke mfuko mwingine. Ligi ikiisha zitoe, zikikaa ndani mapumziko yote huvuja na kuozesha zile springi.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeikata kwa ajili ya lile gurudumu. Mzee ameniomba nimtafutie ya kwake, nami nitamtafutia yenye gurudumu gumu zaidi nikiipata, pamoja na hedifoni ya sikio moja. Amesema sharti lake limebadilika: msimu ujao anataka kuyasikia mabaya pia, mradi ayasikie mwenyewe.