Darubini ya 70/700 kwa Fizikia ya Kidato cha Nne: lenzi nzuri, stendi dhaifu

Kwa shule ya Mbeya au Iringa inayotafuta darubini ya kufundishia mada ya astronomia, hii yenye lenzi ya mbele ya milimita 70 na urefu wa fokasi wa milimita 700 inatosha kabisa. Ila usiinunue kwa maandishi ya kwenye boksi. Ile "mara 525" hupatikana kwa kugawanya 700 kwa lenzi ya jicho ya mm 4, halafu kuzidisha kwa lenzi ya ziada ya mara 3. Lenzi ya milimita 70 ikivuka mara 140 hivi, picha inafifia na kutia ukungu. Zenye kazi ni lenzi ya mm 20, inayokuza mara 35, na ya mm 10, mara 70. Kwa hizo mwanafunzi anaona miezi minne ya Mshtarii, ile aliyoiona Galileo mwaka 1610, na pete za Zohali.

Ukikuta kichujio cheusi cha jua cha kufunga kwenye lenzi ya jicho, kiharibu siku hiyo hiyo. Joto lote lililokusanywa na lenzi ya mbele linaishia hapo. Kioo kikipasuka, jicho limekwenda. Somo la jua lifundishwe kwa tundu la mm 1 kwenye kadibodi: mita 2 nyuma yake, kwenye karatasi nyeupe, taswira ya jua hupata upana wa karibu mm 19. Gawanya 19 kwa 2,000, zidisha kwa kilomita milioni 150, umbali wa jua kutoka duniani, darasa limepata kipenyo cha jua, takriban kilomita milioni 1.4.

Udhaifu mkubwa ni stendi. Ukigusa tu kirekebishi cha fokasi, mwezi unacheza. Usirefushe miguu; mtazamaji akae kwenye stuli, na katikati ya miguu uning'inize mfuko wa mchanga wa kilo 3. Iringa kwenye upepo, jikinge nyuma ya ukuta wa darasa.

Darubini ndogo ya kulengea irekebishwe mchana, kwa mti ulio mbali kwenye mteremko wa mlima Loleza kwa Mbeya, au ukingo wa mwamba wa Gangilonga kwa Iringa. Usiku ni vigumu zaidi. Ukitumia kioo cha pembeni, kile kinachopinda mwanga kabla ya lenzi ya jicho, kulia na kushoto hubadilishana, kwa hiyo wanafunzi waambiwe kabla hawajachora.

Kwa mara 70 sayari hutoka kwenye uwanja wa kuona chini ya dakika 3. Si kasoro: ni dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, na mwalimu afundishie hapo hapo. Foleni ikiwa ndefu, weka lenzi ya mm 20. Mwezi uangaliwe ukiwa na siku 6 hadi 9, vivuli vya mashimo vikiwa virefu. Mwezi mpevu hauonyeshi kitu.

Msimu mzuri ni Juni hadi Agosti, kabla moshi wa mashamba haujazidi. Itoe nje nusu saa mapema ipoe, na umande ukitua usifute lenzi kwa shati. Ivalishe bomba la manila la sentimita 15. Nyota ya Kaskazini iliyochorwa vitabuni haionekani Mbeya, kusini mwa ikweta kwa nyuzi 9, basi tumieni Msalaba wa Kusini.

Pesa ikibaki, nunueni stendi nzito kabla ya lenzi nyingine yoyote.