Shokapu mpya za boneti kwenye Land Cruiser 100: uzoefu wangu kati ya Mtwara na Newala

Nimebadilisha shokapu mbili za gesi zinazoinua na kushikilia boneti ya gari langu, Land Cruiser toleo la 100, baada ya kupitia njia zote ambazo wenye magari wa huku kusini huzipitia kabla ya kununua kifaa kipya: mti wa kuegeshea, bomba la plastiki na shokapu za mtumba. Naandika kwa kirefu kwa sababu boneti ya gari hili ni pana na nzito, na ikimwangukia fundi aliyeinama juu ya injini yaweza kumpasua kichwa. Ni hatari ambayo wengi wetu huizoea haraka mno.

Toleo hili lilianza kuuzwa mwaka 1998 na uzalishaji wake ukakoma mwaka 2007, kwa hiyo hata lile la mwisho kutengenezwa limekwishakuwa gari la umri mkubwa. Shokapu zilizokuja nalo zilidumu vizuri, na zilipochoka hazikufa kwa siku moja. Mchana mjini Mtwara, gari likiwa limetoka kutembea, boneti ilisimama imara kabisa. Lakini kazi yangu ya kusambaza viuatilifu hunipeleka Newala na Tandahimba wakati wa kupulizia mikorosho, yaani Juni na Julai, kusi ikivuma na uwanda wa Makonde ukiwa na baridi ya kuvalia sweta. Huko, nikifungua boneti alfajiri ili kupima oili, ilisimama kwa muda mfupi kisha ikaanza kushuka yenyewe. Gari ni lilelile na shokapu ni zilezile. Kilichobadilika ni joto tu.

Sababu yake si ya kubahatisha. Ndani ya silinda ya shokapu hii mna gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa pamoja na oili kidogo, na gesi ndiyo inayoisukuma nje fimbo ya chuma. Shokapu yenye fimbo ya milimita 8 inayosukuma kwa nguvu ya newtoni 400 ina mgandamizo wa takriban baa 80 (baa ni kipimo cha mgandamizo) ndani yake, ilhali tairi la gari dogo huwa na baa 2 na ushee. Gesi ikipoa, mgandamizo hushuka: kila nyuzi 10 za Selsiasi zinapopungua, nguvu ya shokapu hupungua kwa kati ya asilimia 3 na 4. Kwa shokapu nzima upungufu huo hauonekani, kwa kuwa ina akiba ya nguvu. Kwa shokapu ambayo sili yake (mpira unaozuia gesi na oili visitoke pale fimbo inapopita) imeanza kuvujisha gesi na akiba imekwisha, tofauti ya joto kati ya injini iliyotoka safari na asubuhi ya Newala inatosha kuishusha boneti. Ndiyo maana nasema kwamba joto la pwani yetu huficha ubovu, na mtu anayefanyia majaribio shokapu zake saa saba mchana hajazipima.

Kabla ya kupata mpya nilitumia mti, kama karibu kila mtu. Mti husaidia, ila hauna mahali pa kukaa: unaegemea mbavu za boneti kwa juu na fremu kwa chini, na ukiguswa na kiwiko cha fundi, unateleza. Wapo mafundi wanaobana fimbo ya shokapu kwa vaisgripu, koleo la kujifunga lenyewe, ili isirudi ndani. Siipendi njia hiyo hata kidogo. Meno ya vaisgripu huchuna uso laini wa fimbo, na fimbo iliyochunwa huikata sili kila inapopita, hivyo shokapu iliyokuwa imechoka nusu inamalizwa kabisa.

Njia ya dharura niliyoiona kuwa bora ni kipande cha bomba gumu la plastiki la maji. Unafungua boneti mpaka mwisho, unapima urefu wa sehemu ya fimbo iliyo nje, unakata bomba kwa urefu huohuo, kisha unalipasua upande mmoja kwa msumeno wa chuma ili liweze kuvishwa kwenye fimbo kutoka ubavuni. Likishakaa, silinda haiwezi kushuka kwa sababu inakutana na bomba, na uzito unabebwa na bomba lenyewe. Mimi nililifunga kwa utepe wa mpira wa tyubu ya baiskeli lisichomoke, na nikafunga kitambaa chekundu juu yake. Kitambaa hicho si pambo: ukisahau bomba ukaishindilia boneti ifunge, unapinda bawaba au boneti yenyewe, na hasara yake inazidi bei ya shokapu. Visha bomba pande zote mbili, si upande mmoja, vinginevyo boneti husokoteka.

Shokapu za mtumba nilizinunua kwa sababu siku hizo maduka ya spea ya Mtwara mjini hayakuwa na mpya za gari hili. Jozi ilinigharimu shilingi 50,000. Zilikuwa safi kwa macho, na pale gereji boneti ilipaa bila shida. Zilipofika Newala zikafanya yaleyale ya zile za kwanza, na moja ilikuwa na alama ya oili shingoni, dalili ya wazi kwamba sili imekwisha. Sikubaliani na ushauri kwamba spea ya mtumba iliyo halisi daima ni bora kuliko mpya ya kampuni nyingine. Kwa gia au kioo, huenda. Kwa kifaa ambacho uhai wake wote ni gesi inayopungua mwaka hadi mwaka hata gari likiwa limeegeshwa, unanunua umri wa mtu mwingine.

Mpya niliziagiza Kariakoo, Dar es Salaam, kwa shilingi 130,000 jozi, zikaletwa na basi. Kabla ya kulipa nilimwomba muuzaji anitumie picha zinazoonyesha mambo matatu: urefu shokapu ikiwa imefunguka yote, nguvu yake kwa newtoni iliyochapwa kwenye silinda, na umbo la ncha zake. Urefu ukilingana lakini nguvu ikawa ndogo, boneti haitasimama. Nguvu ikizidi sana, boneti inakuwa ngumu kufunga na bawaba zinaumia. Wakati wa kufunga, fundi alisimamisha mtu wa kushikilia boneti muda wote, akabadilisha upande mmoja hadi ukakamilika ndipo akagusa wa pili, na akahakikisha kwamba fimbo inatazama chini ili oili iliyomo ikae juu ya sili na kuilainisha. Kazi yenyewe ni ya muda mfupi. Shokapu lazima zibadilishwe zote mbili, kwa kuwa mpya moja na nzee moja huvuta boneti upande.

Tangu hapo nimepita nazo msimu mzima wa kupulizia, na boneti imesimama kila alfajiri, hata pale ambapo kioo cha mbele kilikuwa kimejaa umande. Nazipa alama nne kati ya tano. Alama moja nimeipunguza kwa sababu ya rangi ya silinda, ambayo imeanza kutoa madoa ya kutu kutokana na hewa ya chumvi ya Mtwara, jambo ambalo lile koti la rangi la shokapu za kiwandani lilikuwa limelistahimili kwa muda mrefu zaidi. Fimbo zenyewe bado zinang'aa, na ninazifuta vumbi na unga wa salfa kwa kitambaa kikavu kila ninaporudi kutoka mashambani.

Zile za zamani sikumpa mnunuzi wa vyuma chakavu moja kwa moja. Silinda yenye mgandamizo wa aina hiyo ikikatwa kwa grenda au ikitupwa motoni yaweza kulipuka na kurusha fimbo kwa nguvu ya kuua, na aliyeipokea hana namna ya kujua kilichomo ndani. Nimezihifadhi stoo zikiwa zimeandikwa kwa rangi kwamba zina gesi, wakati nikiagiza jozi ya mlango wa nyuma kutoka duka lilelile, nikiuliza mambo yaleyale matatu.