TAHADHARI: Wanaouza "leseni ya kufunga simu za kampuni" Arusha na Moshi. Kagua akaunti ni ya nani kabla hujalipa

Ujumbe huu ni kwa wenye kampuni za utalii, lodge, shule, mashamba ya maua na ya kahawa, na yeyote mwenye simu au vishikwambi vya kazi kuanzia kumi na kuendelea, iwe uko Karatu, Usa River au Himo. Masika yakielekea kuisha, ofisi huanza kununua simu za madereva na za mapokezi, na hapo ndipo anapobisha hodi muuzaji wa "mfumo wa kudhibiti simu". Ana proforma iliyochapwa vizuri. Anaahidi utaona kila simu iko wapi, utaifunga ikiibwa, na dereva hataweza kupakua michezo. Hayo yote yanawezekana, na ndiyo maana watu wanapigwa kirahisi. Programu hizi, mafundi huziita MDM, zipo na zinafanya kazi. Swali ambalo wanunuzi wengi hawaulizi ni hili: simu zinasajiliwa kwa akaunti ya nani?

Simu ikishasajiliwa chini ya akaunti fulani, mwenye akaunti ndiye mwenye simu, hata kama risiti ya dukani ina jina lako. Yeye ndiye anayeweza kuifunga, kuifuta, kuizuia isifutwe na kuona ilipo. Kishoka analijua hilo. Kwa hiyo anafungua akaunti kwa Gmail yake mwenyewe, anawapanga wateja wake wote humo, kisha anakuuzia mwaka wa kwanza kwa bei ya kutupa. Tuseme 3,000 kwa simu kwa mwezi. Simu 40 ni 1,440,000 kwa mwaka, unaona ni nafuu. Mwaka wa pili anapandisha hadi 12,000, na hesabu inakuwa 5,760,000. Ukikataa, anakukumbusha kwa upole kwamba "mfumo ukizimwa simu zitajifunga". Tena huambiwa hivyo Julai, magari yako porini na wageni ndani.

Kuna dakika moja tu ya kumgundua, nayo ni pale anaposajili simu ya kwanza. Simu ya Android inayosimamiwa kikamilifu husajiliwa ikiwa mpya au imefutwa yote. Kwenye skrini ya kukaribisha unagusa sehemu tupu mara sita, kamera inafunguka, unaielekeza kwenye mraba wa QR, na simu inapakua programu yenyewe. Usimwache afanye hivyo pembeni ya kaunta wewe ukiwa unaongea na simu. Kaa naye, mwambie afungue ukurasa wa msimamizi kwenye kompyuta yako, na uangalie vitu viwili. Jina la kampuni lililoandikwa juu liwe lako, si la duka lake. Kisha barua pepe ya mmiliki wa Google Play ya kampuni (duka la kupeleka programu za kazi kwenye simu zenu) iwe ya ofisi yako, ambayo nywila yake unayo na namba yake ya uthibitisho inakuja kwenye laini yako. Akisema "hiyo nitakukabidhi baadaye", funga kompyuta. Google Play ya kampuni inaruhusu kuongeza wamiliki zaidi ya mmoja, kwa hiyo hana sababu ya kuwa peke yake.

Kwa iPhone ujanja uko kwenye cheti cha Apple cha kutuma amri. Cheti hicho ni bure, kinadumu mwaka mmoja, na kinafungamana na akaunti ya Apple iliyokitengeneza. Kinapaswa kuhuishwa kwa akaunti ileile. Kikiisha muda, simu hazipokei amri tena. Kikitengenezwa kipya badala ya kuhuishwa, simu zote zinasajiliwa upya moja baada ya nyingine. Muuzaji akitumia akaunti yake ya Apple, amekufunga kamba ambayo kila mwaka anakuja kuikaza. Fungua akaunti ya Apple ya ofisi, si ya meneja ambaye kesho atahamia Zanzibar, na tarehe ya cheti kuisha iandike ukutani kwa mhasibu.

Sasa proforma yenyewe. Mistari hii ukiikuta imewekewa bei kama "leseni", jua unauziwa maji ya mvua: usajili wa moja kwa moja wa Google wanaouita zero-touch, Knox Mobile Enrollment ya Samsung na Apple Business Manager zinazofanya kazi kama hiyo, cheti cha Apple tulichokitaja, na Google Play ya kampuni. Zote hizo watengenezaji wanazitoa bila malipo. Fundi kulipwa kwa kazi yake ni haki kabisa, kusajili simu 40 ni siku nzima au mbili za kufuta, kusubiri na kupima. Basi aandike "kazi ya kusajili simu 40", alipwe mara moja, mjadala uishe. Akiiandika "leseni ya kila mwaka" ujue mwakani atarudi kudai tena kwa kazi ambayo haifanyiki mara ya pili.

Halafu zero-touch ina sharti ambalo vishoka hawalisemi: namba ya IMEI, ile inayotambulisha kila simu, huingizwa na muuzaji aliyeidhinishwa, ambaye ndiye aliyekuuzia simu. Simu uliyookota dukani Barabara ya Sokoine au kwenye maduka ya Double Road Moshi haiingii humo kwa maneno tu. Anayekutoza kwa huduma hiyo kwa simu za namna hiyo anakuuzia jina. Za Samsung unaweza kuziingiza mwenyewe kwenye Knox Mobile Enrollment kwa programu ya Knox Deployment. iPhone iliyonunuliwa popote inaweza kuingizwa kwa Apple Configurator, programu ya Apple yenyewe, lakini aliyeishika ana siku 30 za kuitoa kwenye udhibiti. Usihesabu kwamba imefungwa mpaka siku hizo zipite.

"Leseni ya maisha" ni kanyaboya nyingine. Microsoft Intune, MDM ya Microsoft, ina majaribio ya siku 30, na programu nyingine kadhaa zina majaribio kama hayo. Kishoka anafungua jaribio kwa barua pepe mpya, anasajili simu, anachukua pesa yote, na mwezi ukiisha hapokei simu. Dalili yake ni anwani ya msimamizi: ukikuta jina la ajabu linaloishia onmicrosoft.com lisilohusiana na biashara yako, muulize tarehe ya malipo yanayofuata iko wapi kwenye ukurasa wa bili. Bei ya orodha ya Intune ni dola 8 kwa mtumiaji kwa mwezi. Mtu anayekupa "Intune ya maisha" kwa shilingi 50,000 hawezi kueleza hesabu hiyo akaeleweka.

Hatari kubwa zaidi ya zote, na hii haigusi leseni tu: anayekwambia anaweza kuweka udhibiti kamili "bila kufuta simu", akakutumia faili la programu kwa WhatsApp. Kwa Android kuna njia moja halali isiyofuta simu, nayo hutenga sehemu ya kazi ndani ya simu ya mfanyakazi. Programu za kazi zinawekewa alama ndogo ya mkoba, na mwajiri haoni picha wala meseji za upande wa pili. Nyingine inayodai kuona kila kitu bila kufuta, ikaomba ruhusa ya kusoma SMS, kusoma arifa na huduma za ufikivu (accessibility), ni programu ya kupeleleza. SMS hizo ndizo zenye namba za siri za benki na za miamala ya simu. Na kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika tangu tarehe 1 Mei 2023. Taarifa za wafanyakazi wako zikienda kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua, wa kwanza kuulizwa ni wewe mwajiri.

Simu za mtumba nazo. iPhone "safi kutoka Dubai" kwa bei ya chini mno mara nyingine bado iko kwenye orodha ya kampuni iliyoinunua kwanza. Muuzaji ameruka skrini ya usimamizi wa kampuni hiyo kwa ujanja, unaitumia vizuri, siku ukiifuta yote inakuletea ujumbe kwamba inasimamiwa na kampuni fulani ya ng'ambo. Huwezi kuiingiza kwenye mfumo wako, na hela imekwenda. Kabla ya kulipa, mwambie aifute hapohapo mbele yako, iunganishe na intaneti ya simu yako, na uifuate mpaka ifike skrini ya mwanzo. Kwa Samsung fanya vivyo hivyo. Hapo utagundua pia zile za mkopo ambazo deni halijaisha. Piga *#06#, linganisha IMEI ya kwenye skrini na ya kwenye boksi, kisha itume kwa SMS kwenda 15090, namba ya kuhakiki IMEI.

Bei halisi inapunguzwaje? Kwanza angalia ulichonacho tayari. Kama ofisi inalipia Microsoft 365 Business Premium, Intune imo ndani yake, na anayekuuzia tena anakulipisha mara mbili. Kama barua pepe zenu ziko Google Workspace, udhibiti wa msingi upo kwenye kila kifurushi: kulazimisha nywila ya skrini na kufuta akaunti ya kazi kwenye simu iliyopotea. Kwa ofisi ya watu wanane hiyo inatosha kabisa, tusidanganyane. Mwenye simu zisizozidi 25 anaweza kutumia toleo la bure la ManageEngine Mobile Device Manager Plus. Mwenye fundi wa seva anaweza kujaribu Headwind MDM, ambayo msimbo wake uko wazi, ila aelewe kwamba seva nayo inataka kodi ya kila mwezi na mtu wa kuiamsha ikilala.

Ukishaanza kulipia, pesa nyingi huvuja kwenye simu zilizokufa. Mifumo mingi inahesabu kila kifaa kilichomo kwenye orodha, kiwe hai kisiwe hai. Simu iliyozama mtoni mwaka juzi, ya dereva aliyeacha kazi, kishikwambi kilichovunjika kioo, zote zinalipiwa mpaka uzitoe. Kila mwezi panga orodha kwa tarehe ya mara ya mwisho kifaa kuonekana. Kisichoonekana siku 60, uliza kiko wapi, kisha kitoe au kiache kwa sababu unayoijua. Na kwa kampuni ya utalii, mkataba wa mwezi kwa mwezi unaweza kuwa nafuu kuliko wa mwaka hata kama bei ya mwezi iko juu kidogo, kwa sababu Aprili na Mei nusu ya simu ziko kabatini. Piga hesabu ya msimu wako mwenyewe. Uliza pia kama malipo ni kwa kifaa au kwa mtumiaji. Meneja mwenye simu mbili na kishikwambi ni leseni tatu kwa mfumo mmoja, na moja kwa mwingine. Intune kwa mfano inamruhusu mtumiaji mmoja kusajili hadi vifaa 15. Kingine ni idadi ya chini ya kuuziwa: una simu 12, unauziwa kifurushi cha 50.

Usinunue pia ahadi ya kuona simu "muda wote". Simu iliyoko Ndutu bila mtandao haipokei amri ya kufungwa, amri inasubiri. Mwizi akitoa laini na asiunge intaneti, vivyo hivyo.

Malipo yafanyike kwa jina la kampuni. Lipa namba ikileta jina la mtu binafsi, simama. Dai risiti ya EFD yenye TIN, na ndani ya mkataba kuwe na sentensi moja isiyozungushwa: mteja ndiye mmiliki wa akaunti zote, na muuzaji ataziachia simu zote ndani ya siku saba akitakiwa.

Kama umeshanasa, usianze kwa ugomvi. Anaweza kufuta simu zote kwa kubofya mara moja, na amri itafika kwa kila simu iliyo hewani. Anza kwa kuhifadhi: majina, picha, WhatsApp, faili za safari. Andika IMEI za simu zote na uzipange na risiti za dukani. Kisha omba kwa barua pepe aachie simu moja tu, "tunaiuza". Akiiachia, ndipo uifute. Usigeuze mpangilio huo, kwa sababu simu iliyofutwa kabla ya kuachiwa inaweza kurudi mikononi mwake ikipata intaneti, kama aliiingiza kwenye zero-touch, Knox au Apple Business Manager, na ukiifuta kwa vitufe vya pembeni inaweza kukuomba Gmail ambayo ni yake. Akianza danadana, hifadhi meseji zake zote bila kufuta hata moja, peleka pamoja na risiti polisi ukitaja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na namba anayokutishia nayo itume 15040, namba ya kuripoti matapeli. Simu ya kwanza ikipona, isajili kwenye akaunti yako na uitumie siku mbili. Zinazofuata zifuate tano tano, na zile zilizoko porini zisiguswe mpaka gari lirudi mjini.