Uma mbili za sauti: mmoja wa kununua, mmoja wa kuacha

Kwa miezi minne nimekuwa nikitumia seti ya uma mbili za sauti za alumini (vyuma vyenye shina na meno mawili, vinavyotoa sauti moja maalumu vikipigwa), mmoja wa mitetemo 512 kwa sekunde na mwingine wa 128, kupimia usikivu na hisia za neva. Mtengenezaji, ambaye sitamtaja, amedai juu ya kasha kwamba zinawafaa matabibu na wanamuziki pia.

Uma wa 512 umeniridhisha. Ukipigwa kwenye goti hutoa sauti safi inayodumu; ukigongwa kwenye ukingo wa meza hutoa pia mlio mkali wa kichuma, wenye mitetemo zaidi ya mara sita ya ile ya msingi, unaoifunika sauti inayohitajika. Katika kipimo cha usikivu kiitwacho Rinne, shina lake huwekwa kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio hadi mgonjwa aseme hasikii tena, kisha meno husogezwa karibu na tundu la sikio: mwenye sikio zima huisikia sauti ikirejea, ilhali yule ambaye nta au majimaji yameiziba njia hasikii kitu. Kijitabu kilichoambatana nao hakikueleza kwamba uma ukizungushwa polepole kando ya sikio, sauti hufifia mara nne katika kila mzunguko, kwa kuwa mawimbi yanayotoka pande zake hufutana. Meno yote mawili yanapaswa kuwa kwenye mstari mmoja na tundu la sikio, la sivyo mtu mwenye masikio mazima ataandikiwa uziwi asio nao.

Uma wa 128 una vipande vya uzito vilivyofungwa kwa skrubu kwenye ncha, na hapo ndipo penye kasoro. Baada ya wiki chache kimoja kililegea, uma ukaanza kukereketa na mtetemo wake kufa upesi. Kipimo chenyewe ni kumwekea mgonjwa, mara nyingi mwenye kisukari, shina la uma kwenye mfupa wa kidole gumba cha mguu na kumtaka aseme mtetemo unapokoma. Sasa akisema umekoma, huenda anasema kweli kuhusu uma, wala si kuhusu neva zake.

Kuhusu muziki, dai la kasha halisimami, ingawa kifaa hiki kilibuniwa mwaka 1711 na mpiga tarumbeta John Shore kwa ajili ya kusawazisha ala. Namba 512 ni 2 kwa kipeo cha 9, nayo 128 ni 2 kwa kipeo cha 7. Ni hesabu nadhifu, lakini ala za leo husawazishwa kwa noti ya La yenye mitetemo 440 kwa sekunde, na kila nusutoni (hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili za piano) huzidisha mitetemo kwa takriban 1.0595. Do iliyo nusutoni tatu juu ya La hiyo ina mitetemo 523.25, kwa hiyo uma wa 512 uko chini yake kwa zaidi ya theluthi ya nusutoni. Niliupiga pamoja na piano iliyosawazishwa, na sauti mbili zikakwaruzana kwa mapigo, yaani sauti kuvuma na kufifia kwa zamu, kama 11 kila sekunde. Hata asiyejua muziki angekunja uso.

Uma wa 512 ningeununua tena, kama ungeuzwa peke yake. Wa 128 nimeshauagiza kwingine, usio na skrubu.