Mchanga wa choo cha paka: upi ununue, upi uuache dukani

Nyumba ikishaanza kunuka mkojo wa paka watu wanamlaumu paka, kumbe mara nyingi tatizo liko kwenye beseni lake. Mi naishi gorofani Dar, paka wangu hana uwanja wa kuchimba, choo chake ni kile nnachomnunulia, na nimeshajaribu karibu kila kitu. Naanza na kile ntakachonunua tena, namalizia na kile sikitaki.

Namba moja ni bentonaiti, ule udongo laini unaoganda. Paka akikojoa unashikana unakuwa donge, unalichota na kijiko cha matundu unatupa, uliobaki unakuwa bado mkavu. Ukiangalia bei ya mfuko utaona ghali ila humwagi wote, unajazia tu ulipopungua. Weka kina cha vidole vitatu hadi vinne, ukiwa mchache donge linang'ang'ania chini ya beseni utakwangua mpaka uchoke. Na jamani chukua usio na manukato! Mara ya kwanza muuzaji aliniambia dada chukua huu wa lavenda nyumba itanukia, nikachukua, nikakaa pembeni namwangalia paka. Akasogea, akanusa, akaingiza mguu mmoja wa mbele, akautoa akautikisa kama kakanyaga maji, akaondoka zake. Usiku nikakuta kakojolea kanga zangu kitandani. Pua yake ni kali kuliko yetu mara nyingi sana, kinachotunukia sisi yeye kinamkera. Kasoro za bentonaiti ni vumbi, halafu usiumwage kwenye choo cha maji maana utagandia ndani ya bomba, na vitoto vya paka ambavyo havijafika miezi miwili usivipe kabisa, vinaonja kila kitu na udongo ukivimba tumboni ni hatari.

Namba mbili ni mchanga wa kawaida tu, na najua wengi mtashangaa. Lakini paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa nchi kavu za Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, kuchimba mchanga akafukia ni kitu amezaliwa nacho, hafundishwi. Nunua ndoo moja ya mchanga wa mtoni, uchekeche, uoshe, uanike juani mpaka ukauke kabisa. Usichote kwenye rundo lililolala barabarani, paka wa mtaani walishajisaidia pale unaleta minyoo ndani. Wa baharini nao una chumvi, unavuta unyevu, haukauki vizuri. Ubaya wake hauzuii harufu, kila baada ya siku mbili tatu unamwaga wote unaweka mwingine, kwa hiyo uwe na ndoo ya akiba.

Tatu, peleti za mbao, vile vijiti vifupi vya unga wa mbao ulioshindiliwa. Kwa kukata harufu ziko vizuri sana, zikilowa zinavunjika zinakuwa unga. Ila ni ngumu chini ya nyayo, uanze kwa kuzichanganya kidogo kidogo na mchanga aliouzoea, na hazipo kila duka, akishazizoea halafu ukazikosa una kazi.

Nne, maranda, yale yale ya kwenye banda la kuku. Kwa mafundi seremala wa Keko hapa Dar unapata mfuko mzima kwa hela ndogo, ila muulize fundi kama mbao zilipigwa dawa, na ujiandae kuyafagia mpaka jikoni.

Mwisho silika, zile chenga nyeupe kama chumvi ya mawe. Zinakausha mkojo kweli, lakini ni ghali na zinachomachoma, wangu alizikataa siku ile ile.

Beseni lenyewe chukua lile kubwa la kufulia, urefu wake uwe kama mara moja na nusu ya urefu wa paka, ukate upande mmoja uwe chini aingie kirahisi. Paka wawili, mabeseni matatu. Lioshe kwa maji ya moto na sabuni basi, Dettol usitumie kabisa, ina kemikali ambayo ini la paka haliwezi kuivunja, na Jiki ikikutana na mkojo inatoa hewa mbaya kwako na kwake. Kinyesi chota kila siku bila kukosa, vijidudu vya toksoplasma vinavyotoka na kinyesi cha paka vinahitaji siku moja na zaidi nje ndo viweze kuambukiza, na vinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, kwa hiyo kama kuna mjamzito ndani kazi hiyo afanye mtu mwingine.

Halafu ukiona dume anaingia kwenye beseni mara kwa mara, anajikamua, analia na mkojo hautoki, hapo usibadilishe mchanga, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, njia ya mkojo imeziba na akilala hivyo anaweza kufa.